Tepu za mapambo zimejaa droo: nizitumie wapi?

Swali la msomaji: "Nilizawadiwa boksi la tepu za karatasi zenye maua na mistari, jumla kumi na nne. Mwaka mzima nimetumia mbili tu, kupamba daftari na bahasha. Naishi nyumba ya kupanga ambako kupigilia misumari hairuhusiwi, na nina watoto wawili wadogo. Nilijaribu kubandika picha ukutani. Nyingine zilianguka usiku uleule, nyingine nilipozibandua ziliondoka na rangi ya ukuta. Je, tepu hizi zina kazi yoyote ya kila siku, au ni za kutazamwa tu?"

Dada yangu, zina kazi nyingi, na asante kwa kueleza mpaka habari ya ukuta, maana humo ndimo jibu lilimo. Wengi wetu tukipewa tepu hizi tunatazama maua yaliyochapwa juu, tunasahau upande wa chini wenye gundi. Maua utayapata hata kwenye karatasi ya kufungia zawadi. Tepu hizi, ambazo huitwa tepu za washi, zina jambo moja la ziada: zinashika, zinakaa, halafu zinaachia. Kwa hiyo ukitaka kujua uzitumie wapi, zunguka nyumbani ukijiuliza ni wapi unahitaji kitu kikae kwa muda tu. Alama ya wiki moja, jina litakalobadilika, mstari wa kufutwa jioni. Ukianza hivyo, boksi lako halitafika mwisho wa mwaka.

Sifa hiyo ya kuachia ilitafutwa makusudi. Mwaka 1925 Richard Drew, kijana wa kampuni ya 3M huko Marekani, alitoa tepu ya karatasi ya kufunikia wakati wa kupaka rangi. Wakati huo kampuni yake ilikuwa ya msasa, naye alikuwa akiupeleka kwenye karakana za magari ukajaribiwe. Mtindo wa siku zile ulikuwa gari la rangi mbili. Mafundi walifunika upande mmoja kwa magazeti na gundi kali, na walipobandua, rangi waliyotoka kuipaka ilitoka nayo. Ni yaleyale yaliyokupata wewe ukutani.

Huko Japani nako, katika mji wa Kurashiki, kampuni ya Kamoi Kakoshi ilianza mwaka 1923 kwa kutengeneza karatasi za kunasia nzi, yaani kitu ambacho ubora wake wote ni kutoachia. Baadaye ikaingia kwenye tepu za wapaka rangi. Mwaka 2006 wanawake watatu wa Tokyo waliokuwa wakitumia tepu hizo za mafundi katika kazi zao za sanaa waliiandikia wakiomba kutembelea kiwanda chake. Kutokana na ziara hiyo zikaja tepu za rangi rangi zenye jina la mt, na mwaka 2008 zikapata tuzo ya Good Design nchini humo. Nakisimulia kisa hiki kila ninapofundisha, kwa sababu wale watatu hawakuomba kitu kipya. Waliona uzuri katika kifaa cha fundi, nacho kikabaki kifaa cha fundi hata kilipovishwa maua.

Neno washi ni karatasi ya Kijapani. Kwa jadi hutengenezwa kwa nyuzi za gome la kozo, ambao ni aina ya mforsadi, au za vichaka viitwavyo mitsumata na gampi, na ufundi wake wa mkono uliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni mwaka 2014. Tepu yako imetoka mashineni, haikutengenezwa kwa mkono namna hiyo. Lakini tabia za karatasi nzuri inazo: ni nyembamba, inapitisha mwanga kidogo, unaichana kwa vidole bila mkasi, na ukiivuta taratibu haikatiki.

Sasa turudi ukutani kwako. Gundi ya tepu haikauki kama gundi ya maji. Inabaki laini daima, na inashika kwa kukandamizwa ili ijae kwenye vijishimo vidogo vya uso inaokutana nao. Humo mna mambo matatu. Usipoikandamiza, haijashika; imelala tu juu. Uso ukiwa na vumbi, mafuta au unyevu, gundi inashika vumbi badala ya ukuta. Na kadiri inavyokaa, hasa penye joto, ndivyo inavyozidi kuzama na ndivyo inavyokuwa ngumu kutoka.

Picha zilizoanguka usiku ziliangushwa na moja kati ya mambo mawili ya kwanza, au zilikuwa nzito mno. Zile zilizoondoka na rangi ni habari nyingine kabisa: rangi ilikuwa imeshika ukuta kwa nguvu ndogo kuliko tepu ilivyoshika rangi. Hapo kosa si la mkono wako wala si la tepu. Ukuta uliopakwa rangi juu ya vumbi, au uliopakwa karibuni, utafanya hivyo kwa tepu yoyote. Rangi mpya ipe kama wiki nne kabla hujabandika kitu.

Kabla ya kubandika tena, pitisha kiganja ukutani. Kikitoka na unga mweupe, ukuta huo achana nao, tumia mlango, kioo, vigae au ubavu wa kabati. Kikitoka safi, futa mahali hapo kwa kitambaa kikavu, kisha bandika kipande kidogo nyuma ya pazia, kikandamize vizuri kwa ukucha, na kiache siku nzima. Kibandue. Kama rangi imebaki, endelea.

Tundika vitu vyepesi tu: picha za karatasi, michoro ya watoto, kadi. Fremu yenye kioo usiitundike kwa tepu hii hata kidogo, nakuomba, hasa juu ya kitanda au mahali watoto wanapopita. Picha unayoipenda usiibandike tepu usoni. Iweke kwanza juu ya karatasi ngumu iliyo kubwa kuliko picha, ishikize kwa pembe za karatasi kama zile za albamu, halafu tepu iguse hiyo karatasi ngumu na ukuta. Ukizungusha tepu pande zote nne umepata fremu, na uzito wa picha unagawanyika kwenye urefu wote wa tepu badala ya kuning'inia kwenye pembe mbili za juu. Pembe mbili za juu ndizo huachia usiku.

Siku ya kubandua, usivute tepu kuja kifuani kwako. Inua ncha, ikunje irudi juu ya yenyewe, kisha ivute polepole ikiwa karibu imelala ukutani. Ikigoma, ipulizie hewa ya uvuguvugu kwa mashine ya kukaushia nywele, gundi italegea. Na usiiache mahali pamoja mwaka baada ya mwaka. Mimi hubadilisha kila baada ya miezi michache, nami huichukulia hiyo kuwa raha ya tepu hizi, kwamba ukuta unaweza kubadilika bila kumwita fundi.

Nimekaa sana ukutani kwa sababu ndiko ulikoumia. Lakini ungeniuliza kazi ninayoitumia tepu zaidi nyumbani, ningesema ni alama.

Angalia nyuma ya meza yenye kompyuta au televisheni. Nyaya zote ni nyeusi, zote zinafanana, na unapotaka kuchomoa moja unachomoa zote. Kata kipande cha sentimita sita, kizungushe kwenye waya karibu na plagi, na ncha zake mbili zikutane zikishikana kama bendera ndogo. Weka tepu ya aina ileile kwenye kifaa chenyewe. Maua ya bluu ni ya kompyuta, mistari myekundu ni ya printa. Huhitaji kuandika neno, na mtoto asiyejua kusoma anaweza kukuletea chaja sahihi. Kwa njia hiyohiyo mpe kila mtoto mchoro wake: kwenye mgongo wa madaftari, kwenye boksi la rangi, kwenye ndoana ya begi. Mchoro wauchague wenyewe. Watoto hulinda kitu walichokichagua, na ugomvi wa "hii ni yangu" hupungua.

Jikoni, bandika kipande kwenye chombo kabla hujakiingiza kwenye friji, uandike tarehe. Kabla, nasema, maana chombo kikishapata baridi hujaa umande na gundi haishiki. Kunja ncha moja ndani milimita tano ili ibaki na sikio la kushika. Chombo kikiisha unavuta sikio, tepu yote inatoka, hakuna kusugua karatasi kwenye sinki. Andika kwa kalamu ya wino usiofutika. Wino wa maji hukusanyika vitone na kufutika, kwa sababu mgongo wa tepu umepakwa utando unaozuia tabaka moja lisinate kwenye jingine tepu ikiwa imezungushwa. Kwa sababu ya utando huohuo, tepu juu ya tepu haikamati kwa nguvu, nalo ni jambo la kukumbuka unapotaka kupanga tabaka.

Kuna kazi moja ambayo watu hushangaa nikiwaonyesha. Unapofungua kitanda, kabati au feni, tandaza tepu mezani gundi ikiwa juu, ishikilie kwa vipande viwili kwenye ncha, halafu panga skrubu juu yake kwa mfuatano uliozitoa. Pembeni andika zilikotoka. Siku ya kufunga unarudi nyuma kutoka ya mwisho hadi ya kwanza, na hakuna skrubu inayobaki mkononi ukijiuliza ni ya wapi.

Unapotaka kuhamisha samani, usibebe kwanza. Pima kabati kwa futi kamba, chora umbo lake sakafuni kwa tepu, kisha ishi na mchoro huo siku mbili. Pita, fungua mlango, lala. Ukiona unakanyaga mstari kila asubuhi, kabati halitoshi hapo, na umejua kabla mgongo haujauma. Na ikitokea siku moja ukawa na ukuta wako wa kutoboa, ukataka kutundika kifaa chenye matundu mawili nyuma, bandika tepu ipite juu ya matundu yote mawili, toboa alama kwa kalamu, ihamishie ukutani ukiinyoosha kwa pimamaji. Alama zako zitakuwa mahali pake hasa.

Kama una cherehani, hapa nisikilize vizuri, kwa sababu ndiko nilikojifunza kuiheshimu tepu hii. Pima sentimita moja na nusu kutoka kwenye sindano kwenda kulia, bandika tepu hapo kwenye bati, ikiwa wima. Rudishia tabaka juu ya tabaka, tano au sita, ukikandamiza kila moja, mpaka upate kijiukuta kidogo. Ukingo wa kitambaa ukitambaa na kijiukuta hicho, mshono unanyooka hata kwa anayeanza leo. Kwa ngozi na vitambaa vya plastiki, ambavyo pini huacha tundu lisiloziba, shika vipande viwili kwa tepu badala ya pini. Ila jaribu kwanza kwenye kipande cha taka, na usiipitishe sindano juu ya tepu. Gundi huganda kwenye sindano, uzi unaanza kuruka, na utadhani mashine imeharibika. Niliwahi kuharibu gauni zima hivyo, nikafungua mashine yote kutafuta ubovu ambao ulikuwa kwenye ncha ya sindano.

Watoto wakipaka rangi za maji, zungushia karatasi yao tepu pande zote nne ukiishikiza mezani. Karatasi haitajikunja sana ikilowa, na ikibanduliwa, mchoro una ukingo mweupe ulionyooka unaoufanya uonekane kama wa kwenye maonyesho. Kwanza ipige tepu kwenye nguo yako mara mbili tatu ili gundi ipungue makali, kandamiza ukingo wa ndani rangi isipenye, na subiri karatasi ikauke kabisa. Vuta ukielekea nje, mbali na mchoro. Kukosa subira hapo huchana karatasi, na machozi ya mtoto kwa ajili ya mchoro uliochanika hayabembelezeki upesi.

Sakafuni, siku ya mvua, wachoreeni barabara. Njia mbili, makutano, maegesho, kivuko cha watembea kwa miguu. Mtoto wa miaka minne hadi sita atakaa na magari yake hapo kwa muda utakaokushangaza. Mkubwa mpe mistari ya kuruka, kila mmoja mbali zaidi ya uliotangulia, aandike jina lake alipofika. Kwenye vigae tepu inatoka bila shida. Kwenye mbao zilizopakwa vanishi jaribu pembeni kwanza na ubandue kabla ya siku chache kupita. Kwenye zulia haishiki, usipoteze.

Mengine nayataja tu, utayajaribu mwenyewe: kipande kidogo kwenye ncha ya selotepu ili usiitafute tena kwa ukucha, rangi tofauti kwenye vichwa vya funguo, vikunjo vidogo kwenye kurasa za kitabu cha shule unachotakiwa kurudisha kikiwa safi, kipande kwenye taa ndogo ya chaja inayokukosesha usingizi.

Kuna mahali ambapo hupaswi kuigusisha. Vyeti, picha za zamani, barua za wazee wako, usivibandike tepu hata vikichanika, na hasa vikichanika. Gundi huhamia polepole kwenye karatasi, huacha doa la manjano, na baadaye hata mtaalamu hulitoa kwa taabu. Wanaotunza nyaraka hurekebisha mchaniko kwa vipande vyembamba vya karatasi halisi ya kozo na uji wa wanga wa ngano, kitu kinachoweza kuondolewa kwa maji kidogo. Wewe weka vipande vyote pamoja kwenye bahasha safi, basi. Tepu ni karatasi, kwa hiyo isikaribie mshumaa, jiko wala balbu inayopata joto, na isizungushwe kwenye matundu ya soketi. Na ukitaka kuweka alama kwenye chupa ya dawa, usifunike jina, kipimo wala tarehe ya mwisho wa matumizi.

Ikiacha ulimbo, chukua kipande kingine cha tepu hiyohiyo uupigepige. Mara nyingi gundi hufuata gundi. Kwenye kioo na plastiki, matone machache ya mafuta ya kupikia, subiri dakika chache, kisha sabuni. Mafuta hayo usiyapeleke ukutani wala kwenye karatasi, maana utabadilisha doa moja kwa jingine.

Hizo kumi na mbili zilizobaki zitoe kwenye boksi leo uzipange. Boksi liwe mbali na jua na joto. Tepu zisimame zikiwa zimebanana, kwa sababu ubavu wake hunasa vumbi, na vumbi hilo ndilo linalofanya kingo zisishike. Iliyoanza kuchanika vipande vipande kila ukiivuta, kata tabaka mbili tatu za juu kwa wembe, ndani huwa nzima. Halafu zichunguze kwa kidole. Zinazong'aa kama foili, zenye chengachenga, au zinazokataa kuchanika kwa mkono, mara nyingi ni plastiki yenye gundi kali, hata kama kwenye boksi zimeitwa washi. Hizo ziweke kando, zisifike ukutani wala kwenye michoro ya watoto. Zifungie zawadi, pambia mabati ya kuhifadhia vifungo na nyuzi, popote ambapo hutakuja kubandua. Zilizobaki, za karatasi tupu, anza nazo kesho kwenye nyaya za nyuma ya meza.